Kati ya Nini na Nini?

Hotuba niliyoitoa jijini Mbeya, Jumamosi asubuhi, mbele ya wabunifu wa skrini, mafundi wa stesheneri, wanafunzi na waandika programu. Waliokosa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka nzima. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Palipokuwa na picha nimeeleza kwa maneno.

Ndugu zangu, kamwene kwa ninyi mliopanda basi alfajiri kutoka Iringa na Mafinga. Wenyeji wa Rungwe na Kyela, ugonile. Watu wa Vwawa na Tunduma, sogeeni mbele, viti vipo. Walimu wetu, shikamooni.

Walionialika walitaka nizungumzie rangi. Nikawaambia rangi ina wasemaji wengi. Hata shemeji yako asiyegusa kompyuta atakuambia bluu hiyo imekolea mno. Mimi nataka tuzungumzie kitu kisicho na msemaji: nafasi tupu. Ile iliyo kati ya herufi na herufi, kati ya kitufe na kitufe, kati ya maandishi na ukingo wa kisanduku chake. Na hasa nataka tuzungumzie majina ambayo programu za kubuni zimezipa nafasi hizo, maana hapo ndipo watu wanapotea kila siku na hawajui kwamba wamepotea.

Niwaulize. Nani hapa amewahi kutazama paneli ya kulia kwenye programu yake, akaona visanduku vinne vya namba, kila kimoja na kialama kidogo pembeni, akaandika namba kwenye kimojawapo ili tu aone kitasogea nini? Inueni mikono. Haya, naona. Naona hata mikono ya walimu.

Hivyo ndivyo tulivyojifunza wengi wetu. Tumebahatisha, ikakubali, tukabahatisha tena, na baada ya miaka michache tukakuita huko kubahatisha uzoefu. Sisemi ni dhambi. Ila kubahatisha kuna gharama, na anayeilipa mara nyingi si wewe uliyebahatisha.

Nitawapa kisa cha shambani kwanza, kisha turudi kwenye skrini.

Mbozi, msimu wa kuandaa mashamba, bibi shamba kasimama mbele ya wakulima. Anawaambia, mahindi yapandwe 75 kwa 30. Vijana wakaandika kwenye simu: 75 kwa 30. Mzee mmoja, mikono nyuma, akauliza: "Mwanangu, 75 kati ya nini na nini?" Watu wakacheka kidogo. Bibi shamba hakucheka. Akamjibu: "Baba, sentimita 75 kutoka mstari hadi mstari, sentimita 30 kutoka shimo hadi shimo."

Sasa ninyi wa hesabu mtaniambia, mbona hata ukigeuza ni yaleyale? Mashimo ya 75 kwa 30 na mashimo ya 30 kwa 75 ni idadi ileile katika eka. Ni kweli. Lakini shamba la mzee yule lipo kwenye mteremko. Ukigeuza, zile njia pana za katikati, zilizotakiwa kukinga mteremko, zinashuka nao, na mvua ya kwanza kubwa inateremka na udongo wako. Namba hazikubadilika. Kilichobadilika ni kati ya nini na nini.

Swali la mzee yule ndilo hotuba yangu ya leo. Ukiona kisanduku kimeandikwa "nafasi", uliza: kati ya nini na nini? Ukimwandikia mwenzako "weka nafasi 16", jiulize kabla hujatuma: kati ya nini na nini? Lebo isiyojibu swali hilo ni pambo.

Tuanze na herufi, kwa sababu wengi wenu mnaishi kwa kadi za harusi na mabango ya fleksi, na hakuna aibu hapo. Kwenye maandishi peke yake kuna nafasi za aina nne. Kuna nafasi kati ya herufi mbili mahususi. Waliosomea wanaiita keningi. Kuna nafasi kati ya herufi zote za maneno uliyoyachagua. Hiyo ni trakingi. Kuna nafasi kati ya mstari na mstari, na kuna nafasi kati ya aya na aya. Nne. Na programu nyingi zinaziweka zote nne katika eneo la ukubwa wa kiganja, kwa vialama.

Fungueni Illustrator, ile programu ya kuchora na kupanga maandishi. Alama ya keningi ni herufi V na A zenye kijistari katikati. Alama ya trakingi ni herufi V na A zenye mshale chini yake. Zote mbili V na A! Zimekaa jirani, kila moja kwa ukubwa wa punje ya mchele.

Kijana mmoja wa stesheneri pale Mwanjelwa alikuwa anatengeneza kadi ya mchango. Bibi harusi anaitwa Eva, na jina limeandikwa kwa herufi kubwa na nzito. Mnajua V na A zilivyo: moja inaegemea huku, nyingine kule, na katikati yake huonekana uwazi hata kama kipimo ni sawa na cha herufi nyingine. Kijana jicho lake zuri, akauona ule uwazi. Alichotaka ni kuzisogeza V na A tu. Akaingia kwenye V na A ya jirani, ile ya mshale. Jina zima likabanana, E ikapanda juu ya V, na akaanza kurekebisha kwa kuongeza ukubwa wa fonti, kisha kwa kutenganisha herufi moja moja kama picha. Saa nzima imekwenda, mama wa bibi harusi amekaa kwenye benchi anasubiri. Jicho la kijana lilikuwa sahihi tangu mwanzo. Lebo ndiyo ilimtupa.

Na namba zenyewe je? Chukueni 20. Ukiandika 20 kwenye trakingi ya Illustrator, maana yake ni 20 ya sehemu elfu moja za ukubwa wa fonti. Fonti ya 16 inakupa nyongeza ya 0.32 kati ya herufi, kitu ambacho jicho linakihisi tu. Ukiandika asilimia 20 kwenye Figma, programu ya kubuni skrini, fonti ileile ya 16 inakupa 3.2, mara kumi zaidi. Ukiandika pikseli 20 kwenye ukurasa wa wavuti, herufi zinasambaa kila moja na kwake. Namba moja, 20, matokeo matatu, na mahali pote pameandikwa kitu kinachofanana na "nafasi ya herufi". Kwa hiyo swali la mzee lina mdogo wake: kwa kipimo gani? Bibi shamba alisema sentimita. Sisi tunasema "ishirini" tu halafu tunalaumiana.

Nafasi ya mistari sitakaa nayo sana. Wanaopenda historia wajue kwamba jina lake la kiwandani, ledingi, linatokana na vipande vya risasi, madini yenyewe, ambavyo wachapaji walivichomeka kati ya mstari na mstari wa herufi za madini. Waliopita kwenye mitambo ya misheni, kama ile ya Peramiho, watakuwa na mengi ya kusimulia kuhusu uchapaji wa zamani. Zamani ilikuwa wazi: kipande kiko katikati, unakishika kwa mkono. Leo kwenye wavuti kivinjari kinaigawa ile nyongeza nusu kwa nusu, nusu juu ya mstari na nusu chini yake. Ndiyo maana unaweka kichwa cha habari, unaacha 24 chini yake, na ukipima kwa rula kwenye skrini unapata zaidi ya 24. Hujakosea. Ile 24 inahesabiwa kutoka ukingo wa kisanduku cha maandishi, na ukingo huo hauonekani.

Sasa tuingie kwenye jambo kubwa. Ndani na nje.

Kisanduku chochote kwenye skrini, kiwe kitufe, kadi au picha, kina nafasi ya ndani na nafasi ya nje. Ya ndani, kati ya ukingo na kilichomo, ni padingi. Ya nje, kati ya ukingo na jirani, ni pambizo. Mnajua wote. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Basi kwa nini bado tunapigiana simu usiku?

Mbunifu mmoja yupo Iringa, mwandika programu yupo hapa Uyole. Wanatengeneza programu ya vikundi vya kuweka na kukopa. Mbunifu anatuma ujumbe wa sauti: "Kaka, zile kadi za wanachama, weka nafasi 16." Mwandika programu anaweka. Kwenye tovuti mambo safi. Kwenye simu ya Android kadi zimeachana mno, kama watu waliogombana. Mbunifu anasema hukunisikiliza, mwandika programu anasema nimeweka 16 kila mahali, njoo uhakikishe.

Nani mkosaji? Mnasema mbunifu? Wengine mwandika programu? Subirini kwanza.

Kila kadi ilipewa pambizo ya 16 juu na 16 chini. Kwenye wavuti, kwa mpangilio wa kawaida wa vitu vinavyofuatana kwenda chini, pambizo mbili zinazokutana huungana na kubaki moja, ile kubwa. 16 na 16 zinakuwa 16. Ingekuwa 30 na 20, ungepata 30, usingepata 50. Kwenye Android, vitu vikipangwa kwa mstari kwenda chini, pambizo hazimezani. 16 na 16 ni 32. Ujumbe uleule, namba ileile, uaminifu uleule, na nafasi imezaa pacha. Wangesemezana hivi: "kati ya kadi na kadi iwepo 16", kila mmoja angetafuta njia ya kufika huko kwa zana yake. Mbunifu alitaja namba akaacha mahali pake. Na mwandika programu, naye, hakuuliza.

Wako watakaosema, hayo ni mambo ya macho tu, mteja atazoea. Sikilizeni hili basi.

Kitufe cha alama tu, bila maandishi. Alama yenyewe ni 24 kwa 24. Mwongozo wa Google kwa Android unasema eneo la kuguswa liwe angalau 48 kwa 48. Apple wao wanasema 44. Kwa hiyo unahitaji 12 kila upande wa alama yako: 12 na 24 na 12, umepata 48. Ukiziweka zile 12 ndani, kama padingi, kidole kikigusa popote humo kitufe kinaitika. Ukiziweka nje, kama pambizo, skrini itaonekana vilevile kabisa. Piga picha zote mbili uziweke pamoja, hutaona tofauti hata kidogo. Lakini kidole kitaona! Mama wa sokoni Uyole, simu ndogo, kioo kina ufa, mikono imekufa ganzi kwa baridi ya Julai, anabonyeza kando kidogo ya alama, hakuna kinachotokea. Anabonyeza tena, anabonyeza tena, mara ya mwisho kidole kimehamia kwenye "Futa" iliyo jirani. Huyo ndiye anayelipa gharama ya kubahatisha kwetu.

Hili la ndani na nje halijawachanganya wa Mbeya na Iringa peke yao. Limewachanganya wakubwa. CSS, lugha ya kupamba kurasa za wavuti, ilitoka rasmi Desemba 1996 chini ya W3C, shirika linaloweka kanuni za wavuti, na ilisema ukitaja upana wa kisanduku, unataja upana wa kilichomo tu. Padingi na mpaka, yaani ule mstari unaozunguka kisanduku, huongezwa juu yake. Internet Explorer 5, kivinjari cha Microsoft, ikahesabu kinyume: upana uliotaja ni wa kisanduku kizima, padingi na mpaka vikiwa humohumo.

Tufanye hesabu. Upana 200, padingi 20 kila upande, mpaka 5 kila upande. Kwa hesabu ya kwanza, kisanduku kinachukua 250 kwenye skrini. Kwa hesabu ya pili kinachukua 200, na maandishi yanabanwa kwenye 150. Msimbo mmoja, kurasa mbili tofauti! Internet Explorer 6 ya mwaka 2001 ilikubali kanuni, kwa kurasa zilizojitambulisha vizuri mwanzoni mwake. Baadaye CSS yenyewe ikaongeza sehemu ya kuchagua unataka hesabu ipi. Na sasa kichekesho: Bootstrap, mkusanyo wa mitindo ya CSS iliyoandikwa tayari, tangu toleo la 3 la mwaka 2013, inachagua hesabu ileile iliyomtia Microsoft matatani. Tailwind, mkusanyo mwingine wa aina hiyo, vilevile. Kumbe watu walio kazini, wakisema upana wa kisanduku, humaanisha kisanduku kizima. Mimi nadhani Microsoft walikuwa sahihi kwa akili ya mtumiaji na wakosaji kwa makubaliano, na makubaliano yakivunjwa haijalishi nani ana akili. Mnaweza kunipinga wakati wa chai.

Kuna wanaosema suluhisho ni gepu. Usihangaike na pambizo za watoto, yaani vitu vilivyo ndani ya kisanduku, mwambie mzazi, kisanduku kinachovibeba, aweke gepu kati yao. Nakubali, na mpangilio otomatiki wa Figma uliokuja mwaka 2019 umewafundisha wengi kufikiri hivyo. Gepu lina heshima ya kusema wazi ni kati ya nini na nini: kati ya mtoto na mtoto wa mzazi mmoja. Pembeni halina habari.

Lakini hata hapo kuna shimo. Kwenye kisanduku cha gepu unaweza kuondoa namba ukaweka neno la kujiendesha, na hapo kisanduku kinabadilika tabia: hakisemi tena nafasi ni kiasi gani, kinasema sukuma vitu mpaka kingo. Upande wa msimbo kuna njia tatu zenye majina ya kufanana kama ndugu: ya nafasi kati, ya nafasi kuzunguka na ya nafasi sawasawa. Chukua skrini ya upana wa 360, vitufe vitatu vya 80 kila kimoja. Vimekula 240, imebaki 120. Ya kati inakupa 60 na 60 katikati, pembeni sifuri. Ya kuzunguka inampa kila kitufe 20 kushoto na 20 kulia, kwa hiyo pembeni unaona 20 na katikati 40. Ya sawasawa inakupa 30 kila mahali. Andikeni mahali hesabu hiyo. Nimeona watu wenye kazi nzuri na mshahara mzuri wanazijaribu moja baada ya nyingine mpaka "ikae vizuri", na ikikaa hawajui kwa nini.

Nisiwasahau ndugu zangu wa stesheneri za karibu na vyuo. Ninyi mnaishi kwa Word, na Word ina vituko vyake.

Dada mmoja analeta tasnifu kuchapa. Chuo kimesema nafasi ya mistari iwe 1.5. Ameweka 1.5, amehakikisha, na msimamizi amerudisha: aya zako zina uwazi wa ziada. Anaapa hajabonyeza Enter mara mbili. Na kweli hajabonyeza. Tangu Word 2007, hati mpya huanza na nafasi yake baada ya kila aya. Toleo lile la 2007 lilianza na pointi 10 baada ya aya na mistari ya 1.15, wakati Word 2003 ilianza na sifuri na mstari wa kawaida. Dada kabadilisha nafasi kati ya mstari na mstari. Nafasi kati ya aya na aya ni kisanduku kingine, upande wa kushoto wa dirisha lilelile, kimeandikwa tu "baada". Baada ya nini? Chini yake kuna kile cha kutia tiki: usiongeze nafasi kati ya aya za mtindo mmoja. Ukitaka isiwepo, unatia tiki. Ukitaka iwepo, unatoa tiki. Mtu aliyechoka saa tano usiku, kesho ndiyo siku ya kukusanya, unamtegea fumbo la namna hiyo?

Na kwenye majedwali, Word inaita pambizo ya seli kitu ambacho Google Docs inakiita padingi ya seli. Ni kitu kimoja: nafasi ya ndani, kati ya ukingo wa seli na maandishi. Mnafundishwa darasani kwamba pambizo ni nje, mnafungua Word mnakuta iko ndani. Ukichanganyikiwa hapo, usijione mjinga.

Sasa, tumewasema wakubwa wa kutosha. Tujiseme na sisi.

Siku hizi kila timu inajiwekea orodha ya nafasi zake: 4, 8, 12, 16, 24, 32. Jambo jema. Halafu inazipa majina, na hapo ndipo tunarudi kulekule. Timu moja nilikaa nayo iliziita ndogo, ya kati, kubwa. Mwezi mmoja mbele wakahitaji kitu kati ya "ya kati" na "kubwa". Wakaiita "kubwa kiasi". Ikaja nyingine, "kubwa hasa". Wakati naondoka kulikuwa na "kubwa", "kubwa kiasi", "kubwa hasa" na "kubwa mpya", na hakuna aliyejua ipi inaizidi ipi bila kufungua faili. Timu nyingine ikaamua kutumia namba tupu, ikagongana na Tailwind, ambako 4 maana yake ni pikseli 16 kwa kawaida. Mbunifu anaandika 4 akimaanisha nne, mwandika programu anasoma 4 anaweka kumi na sita. Wote wanafuata kanuni!

Ushauri wangu ni wa kishamba kama mlivyotarajia: taja mahali kwanza, namba ifuate. "Ndani ya kadi, 16." "Kati ya kadi na kadi, 12." "Kati ya kichwa cha habari na aya ya kwanza, 8." Majina marefu? Ndiyo, marefu. Simu ya usiku ni ndefu zaidi.

Na pale unapoweza, onyesha badala ya kutaja. Fungua zana za wakaguzi ndani ya Chrome, pitisha kipanya juu ya kitu chochote kwenye ukurasa: kilichomo kinapakwa bluu, padingi kijani, mpaka njano, pambizo rangi ya chungwa. Figma nayo ukipitisha kipanya kwenye kisanduku cha padingi, eneo lenyewe linajichora kwenye fremu yako kabla hujaandika namba. Hizo ni lebo zilizojibu swali la mzee bila kutumia neno.

Yuko dada wa Makambako, amejifundisha mwenyewe kazi hii kwa simu na kompyuta ya kuazima. Yeye majina yalimshinda, akayaacha, akashika zile rangi za Chrome. Kila skrini anayokabidhi anaweka na nakala yake iliyopakwa: kijani kwa ndani, chungwa kwa nje, na namba juu ya rangi. Nilimuuliza waandika programu wanasemaje. Akaniambia, hawasemi kitu, wanafanya. Jamani, wangapi hapa wanaweza kusema hivyo kuhusu kazi wanazokabidhi?

Wale mnaoandika programu zenu wenyewe, za vyama vya ushirika wa kahawa (AMCOS), za hosteli, za vikoba, mkiwawekea watumiaji sehemu ya kurekebisha mwonekano, msiwaletee paneli ya Illustrator. Wekeni picha ndogo ya kisanduku, nafasi husika iwe na rangi, namba ikae juu yake. Na muwaachie nafasi ya kupanua maandishi. Mwongozo wa WCAG 2.1 wa mwaka 2018, unaohusu kurasa za wavuti kufikiwa na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka ukurasa usiharibike mtu akiongeza nafasi ya mistari kufikia mara 1.5 ya ukubwa wa fonti, na ya herufi mara 0.12. Jaribuni hilo kwenye vitufe vyenu vya urefu usiobadilika, vilivyoandikwa "Thibitisha malipo", muone maandishi yatakavyomwagika nje. Kitufe kinachopimwa kwa padingi hukua pamoja na maandishi yake.

Kaka wa pale nyuma ameniuliza mlangoni: tufanye nini na mafaili ya zamani, yapo mamia? Usiyafungue yote, kaka, utaacha kazi. Anza na skrini zinazogusa pesa: kutuma, kulipa, kufuta. Kwa kila kitufe humo angalia kama zile 48 zimetimia kwa padingi au zimeazimwa kwenye pambizo. Mwandika programu wako ataliona hilo kwa dakika chache. Kisha kadi na orodha, uone kama nafasi kati yake ni gepu la mzazi au ni pambizo zilizokutana. Zilizobaki zirekebishe siku utakayozifungua kwa sababu nyingine.

Faili la mfano, lenye skrini moja iliyopakwa rangi kama za yule dada, lipo kwenye kompyuta ya mezani pale mlangoni. Njooni na flashi, ila mziskani virusi kwanza. Wa Iringa mtangulie, basi lenu linaondoka saa nane.